Tatu, Basi

Nyumbani kwetu kila kitu kilikwenda kwa tatu. Hodi ni tatu; ukipiga ya tatu usiitikiwe, rudi ulikotoka. Mafiga ni matatu. Talaka ni tatu, Mungu atuepushe. Ukitawadha unaosha mikono mara tatu, unasukutua mara tatu, unavuta maji puani mara tatu, uso mara tatu, na hata maiti wetu tunamtupia udongo kwa mkono mara tatu kabla ya majembe kuanza kazi. Kwa hiyo mume wangu aliporudi kutoka hospitali na kichupa cha dawa ya pua, akakitia kiganjani mwangu na kusema, "Masera anasema matone mbili, tatu, basi," hakuna mtu aliyeuliza tatu ya nini.

Masera ndivyo tulivyowaita watawa wa Kizungu. Huyu alikuwa muuguzi, na Kiswahili chake alikiokota Kongo kabla hajaletwa kwetu Gisenyi. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa machache, naye aliyatumia kwa ubahili. Mimi sikwenda kumsikia mwenyewe kwa sababu nilikuwa ndani ya arobaini. Nilikuwa nimejifungua binti yangu wa kwanza, na mzazi wa siku chache hatoki nje, hasa masika, ubaridi unaposhuka kutoka milimani asubuhi na upepo wa ziwa ukaupokea jioni. Mafua niliyapata kitandani. Mume wangu, aliyekuwa dereva wa lori la maharage, ndiye aliyesimama mbele ya masera, akagusa pua yake mwenyewe kueleza shida ya mkewe. Alirudi na ile tatu.

Tone la kwanza lilikuwa rehema. Nasema kweli, sitaki kuidharau dawa ile. Nililala chali, mama mkwe akanidondoshea, na kabla hajafunga kifuniko chenye kijimpira chake, pua yangu ilifunguka, nikavuta pumzi ndefu mpaka mbavu zikauma. Nikamnusa mwanangu. Alinukia maziwa na samli, na kitu kingine ambacho sina jina lake. Nikalia kwa furaha. Mama mkwe akacheka, akasema, "Yoo! Muzungu na dawa yake!"

Basi tukaishika tatu yetu kama faradhi. Asubuhi mara tatu, adhuhuri mara tatu, jioni mara tatu, kila mara nikivuta kwa nguvu kama ninavyovuta maji ya udhu. Mafua yaliisha, kamasi zikakauka, homa ikaondoka, arobaini ikatimia, mtoto akanyolewa nywele na watu wakala pilau. Pua haikufunguka. Nikiweka dawa, inafunguka. Dawa ikiisha nguvu, inafunga tena, tena kwa hasira, kama duka saa ya swala ya Ijumaa, mwenye duka keshachukua na ufunguo. Tukasema mafua haya ni sugu. Tukaongeza dawa. Dawa ya moto ni moto, alisema mama mkwe, wala hakujua alikuwa anausema ukweli wa kutisha kuliko methali yenyewe.

Kichupa cha kwanza kilikwisha. Hatukurudi kwa masera, kwa nini tumsumbue? Duka la dawa lilikuwepo Goma, hatua chache ng'ambo ya mpaka, na mume wangu alipita huko na lori. Alikuwa akiniletea kama wenzake walivyowaletea wake zao vitenge. Nilikifunga kichupa kwenye pindo la kanga yangu, fundo la kulia, na mkono wangu ulizoea kulipapasa fundo lile hata nikiwa sokoni nachagua viazi vya Kanama. Likiwapo, napumua. Nikilipapasa nisilikute, moyo unaanza kupiga kabla pua haijaziba.

Sijui kama nitaweza kumweleza asiyewahi kuishi hivyo. Huwezi kula na kupumua kwa wakati mmoja; unatafuna, unaacha, unavuta hewa kwa mdomo, unatafuna tena. Ukilala unaamka ulimi umekauka kama kipande cha ngozi. Maharage yaliungua jikoni mimi nimekaa mbele yake, nasuka ukili, nisinuse chochote mpaka jirani akaja mbio akidhani nyumba inawaka. Kilichonitesa zaidi ni kumnyonyesha mtoto nikiwa nimeachama, mate yananidondoka kwenye paji lake la uso. Siku moja mume wangu alikuwa safarini na dawa ikaniishia. Nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda Goma kwa miguu, nikakuta ni Jumapili, mlango umefungwa. Nilikaa kwenye ngazi za duka lile nikalia kama mjane. Wapita njia walinitolea pole ya msiba. Nilizipokea.

Na sauti yangu ikabadilika. Mtu aliyeziba pua hawezi kusema *m* wala *n*. Jaribu mwenyewe, ibane pua uone. Mtoto wangu nilimwita "bwadagu" badala ya mwanangu. Sokoni nilisema "buzuri" na "buchele", na wanawake wa mtaa wetu, ambao Mungu hakuwanyima ulimi, wakaniita Bibi Ba. Mume wangu alipenda kunitania, "Bke wangu, leta baji." Nilicheka nao. Ukiwa na shida isiyo na jina, utani ni afadhali kuliko huruma.

Lakini mtoto hakuwa na utani. Mtoto anajifunza kwa anachosikia. Kila asubuhi nilijigusa kifua nikamwambia, "Baba. Seba baba," nikiwa nadhani nasema mama. Alipofungua mdomo wake kuita kwa mara ya kwanza, aliniangalia mimi machoni, akanishika kidevu, akasema, "Baba." Mume wangu aliruka kwa furaha mpaka akagonga kichwa kwenye boriti. Ilimchukua muda kugundua kwamba yeye haitwi. Akiingia yeye, mtoto anatabasamu tu. Nikiingia mimi, "Baba! Baba!" na mikono juu. Mtaa mzima ulicheka wiki nzima, hata mimi nilicheka mchana, halafu nikageukia ukuta nikajiuliza ni mama gani huyu ambaye mwanawe hamjui hata kwa jina.

Ramadhani ilipokaribia, masika tena, nilimwendea mwalimu wa chuo cha Kurani nikamuuliza kuhusu dawa ya pua. Akanijibu kwamba kitu kikitiwa puani kikashuka kooni, saumu imebatilika, lakini mimi nanyonyesha, ninayo ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Mama mkwe pia aliniambia, "Usifunge, mwanangu. Mungu hana haraka na we." Nikakataa. Sikuwa mcha Mungu kuliko wao. Nilikuwa na hesabu yangu: nilitaka nifungwe mikono. Nafsi yangu ilikuwa imenishinda, mume naye ameshindwa, nikasema labda Mungu ataweza. Mwezi mmoja wa mchana bila dawa, huenda pua ikaona haya ikafunguka yenyewe.

Na ili nisije nikaiba, kichupa nilikifungua kwenye pindo langu nikampa mama mkwe. "Dishikie bpaka bagharibi," nilimwambia. Akakifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo la kulia, kama nilivyokuwa nakifunga mimi.

Michana ile sitaki kuirudia. Nilizunguka uani nikiwa nimefumbua mdomo kama samaki aliyetupwa kwenye mchanga wa Rubona, huku sina ruhusa hata ya tone la maji. Kutawadha kwenyewe sikuruhusiwa kuvuta maji juu sana puani, mwenye saumu havuti. Adhana ya magharibi ikisikika, wenzangu walifuturu kwa maji na uji wa pilipili manga. Mimi nilifuturu kwa pua. Mama mkwe alikuwa akinisubiri, fundo keshalifungua, kichupa keshakitoa. Nililala mkekani akanidondoshea, tatu, tatu, na machozi yangu na dawa vikashuka pamoja. Alikuwa akinihurumia sana mama yule. Siku zote nitasema hivyo.

Kisha mtoto akapata mafua. Alikuwa anakaribia mwaka. Alikuwa akishika titi, anavuta mara moja, anakosa hewa, anaachia, analia, anarudi tena. Uji nao aliukataa. Usiku hakulala, mchana hakulala. Mimi nilijua anachosikia. Pengine ndiyo maana sikuweza kumtazama. Ilikuwa kama kujiona mwenyewe nimefupishwa. Nilimfuta kamasi, nikamwekea maji ya moto karibu yatoe mvuke, nikamnyonya pua kwa mdomo wangu kama wafanyavyo mama zetu, halafu nikatema saumu yangu pamoja na kamasi, nisijue kama nimefungua au la.

Ilikuwa kama baada ya swala ya adhuhuri. Nilimwachia bibi yake nikaenda kuchota maji. Foleni bombani ilikuwa ndefu, wanawake wamefunga, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kugombana. Niliporudi nilisikia kimya kutoka nje ya ua. Baada ya siku zile za kilio, kimya kilinifanya niitue ndoo taratibu, kwa shukrani.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anatabasamu, kidole mdomoni. "Analala," alininong'oneza. "Mi nimemufungua pua, masikini. Ile dawa yako. Analala muzuri."

Sikushtuka mara moja. Niliinama kumbusu. Shavu lake lilikuwa baridi, na juu ya ubaridi ule lilikuwa limelowa jasho. Midomo haikuwa na rangi. Nikamwita. Nikamwinua mkono, ukaanguka. Nikamtingisha, kichwa kikaenda upande, macho yakafunguka kidogo pasipo kuniona, yakafumba. Kifua kilipanda, kikashuka, kisha kikakaa. Nikasubiri. Kikapanda tena.

Sijui nilipiga kelele ya namna gani, kwa sababu mtu wa pua iliyoziba hata kilio chake hakina mama ndani yake. Nilimkumbatia kifuani nikakimbia. Mama mkwe alinifuata miguu mitupu, kichwa wazi, yeye ambaye tangu nimjue hakuwahi kuvuka kizingiti bila ushungi. Tulipita mbele ya mafundi cherehani, wakasimamisha mashine. Kumbe mmoja wao alitoka kwenda kumtafuta mume wangu kwenye maghala. Mimi sikuona mtu. Nilikuwa nasikiliza kifua kile dhidi ya changu, nikikimbia bila kupumua nisije nikachanganya pumzi yangu na yake.

Masera alikuwa yuleyule. Alimchukua mtoto, akamvua, akamlaza, akatuma mtu amwite daktari, yote kwa wakati mmoja. Akamwona mama mkwe bado ameshika kichupa mkononi, kile cha Goma. Akakichukua akakisoma.

"Hii munampa mutoto?"

"Pua yake ilikuwa inafunga, masera," mama mkwe alisema.

"Matone ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu?"

"Tatu tatu. Huku na huku. Mara tatu, masera. Kama ulisema."

"Mi? Mi nilisema?"

"Ulibwabbia bwada wagu," nikadakia kwa sauti yangu mbovu. "Wakati dilizaa. Batode bbili, tatu, basi."

Akanitazama muda mrefu. Nadhani kwanza alikuwa anajaribu kuelewa maneno, halafu akaisikia pua, halafu akahesabu miezi. "Siku tatu," alisema polepole. "Siku. Tatu. *Et puis c'est fini*, basi, unaacha! Na we mukubwa, hapana mutoto. Mutoto hapana hata moja!"

Mama mkwe alikaa chini sakafuni. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Daktari alikuja, akaweka mpira wake kifuani kwa mtoto akasikiliza, na nikaona anasikiliza sana. Akasema kwa Kifaransa, masera akatugeuzia. Moyo unaenda polepole mno. Dawa hii inayobana mishipa ya pua, kwa mtoto mdogo inaingia mwilini mwote, inamlaza, inambaridisha, inamsahaulisha kupumua. Haina dawa ya kuiondoa. Itaondoka yenyewe kama moyo utaisubiri. "Mumufunike," alisema masera. "Mumukumbushe kupumua. Akikaa, mumupige hapa." Akatuonyesha wayo, akaugonga kwa kidole. Mtoto akavuta pumzi.

Ndiyo kazi tuliyoifanya. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile, na mikono yangu imelima, imefua, imezika. Mimi upande wa kifua, nikitazama. Mama mkwe miguuni. Kifua kinapanda, kinashuka, kinakaa. "Sasa!" nasema. Anagonga. Kinapanda. Nilimchukia. Niliuchukia mkono wake ulioshika unyayo wa mwanangu, nikamchukia masera na Kiswahili chake cha kubania, nikamchukia mume wangu aliyebeba neno moja kutoka hospitali hadi nyumbani akaliangusha nusu njiani. Na pua yangu, ikiwa imeziba kwa kilio juu ya kuziba, ilikuwa inaniua. Nilikuwa nahema kwa mdomo juu ya mtoto anayesahau kuhema, na sehemu fulani ndani yangu, naapa, ilikuwa inahesabu magharibi bado iko mbali kiasi gani.

Masera aliporudi kumpima aliniambia mengine, kwa sauti ya chini, huku ameshika kifundo cha mkono wa mtoto. Kwamba sikuwa na mafua tangu mwaka jana. Kwamba ukipita siku zile chache, dawa yenyewe ndiyo inayoziba pua, na kila unapoifungua nayo unaipa sababu ya kuziba tena. Niache. Kama siwezi kuacha kwa mkupuo, niache kuitia tundu moja kwanza, lingine niliachie dawa linipumulie, likifunguka nihamie la pili. Nichemshe maji, niyapoze, nitie chumvi kidogo, nivute puani. "Kama munafanya kwa sala," alisema, naye akafanya ishara ya kuvuta maji kiganjani. Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kumbusu mikono.

Baadaye nilifanya hivyo hasa. Tundu la kushoto kwanza. Wiki nzima nililala upande mmoja nikidhani nakufa nusu. Nilivuta maji ya chumvi mara tatu, na hiyo ikawa tatu yangu ya kweli. Kichupa cha mwisho nilikitupa ziwani mwenyewe. Lakini jioni ile sikuwa najua kama kutakuwa na baadaye, na maneno ya masera yalipita masikioni mwangu kama maelekezo ya njia kwa mtu aliyevunjika miguu.

Mume wangu alifika, vumbi la maharage hadi kwenye kope. Alisimama nyuma yangu. Mama yake akamwambia bila kuinua kichwa, "Ni mimi." Yeye akasema, "Hapana, mama. Ni mimi sikusema siku." Hakuna aliyebaki na la kumlaumu mwenzake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilisema, "Sasa!" Mama mkwe akagonga.

Mwanga ulipoanza kulegea dirishani, adhana ilitufikia kutoka mtaani kwetu, mbali, vipande vipande. Hakuna aliyesogea kutafuta maji. Ila mama mkwe, ambaye siku zote zile za mfungo alikuwa akiisubiri adhana ile kwa ajili yangu, aliinuka kwa mazoea tu. Mkono wake ulienda mezani masera alikokiweka kichupa, ukakichukua, ukaninyooshea. "Magharibi, mwanangu," alisema. "Pumua."

Hakujua anachofanya. Macho yake yalikuwa kwa mtoto. Nami nilikitazama kile kichupa cha kahawia, na Mungu ananisikia ninapoandika haya, nilikitaka. Kifua kilikuwa kinawaka. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka.

Mguu wa mtoto ulijivuta. Hakuna aliyeugonga, mama mkwe alikuwa ameuacha. Ulijivuta wenyewe, mara moja, tena kwa hasira, kama mtu aliyechoka kuchokozwa. Kisha uso ukakunjamana, mdomo ukafunguka, na macho yakafunguka yakazungukazunguka darini, yakatafuta.

"Baba," alisema.

Mume wangu alinipita kwa bega, akapiga magoti kando ya kitanda. "Niko hapa, mwanangu. Baba iko hapa."

Mtoto hakumtazama. Alinitafuta mpaka akaniona, akainua mikono yote miwili, mizito bado, ikitetemeka. "Baba."

Kichupa nilikisukuma, sijui kilianguka wapi. Niliinama, pua imeziba kabisa, mdomo wazi.

"Abee, bwadagu," nikaitika.